Mfuko wa Kanini

Juzi, hapa mtaani Majimbo, nilimwona jirani akimlisha paka wake aliyefungwa kizazi, supu ya kuku kijiko baada ya kijiko, nikashindwa kutazama.

Nilipokuwa mtoto, paka wetu Kanini alipasuliwa na daktari wa ng'ombe pale kijijini Ruiri. Alirudi ndani ya kikapu akinuka spiriti. "Kendi, ametolewa mfuko," mama akaniambia akishika jembe. "Mwangalie vizuri."

Nilimpa maziwa, akayatapika yote kwa sauti kavu ya kukwaruza, kisha akaharisha kwenye gunia. Basi nikaelewa: mfuko uliotolewa ni ule wa kuwekea chakula. Chochote nitakachompa kitamtesa tu. Nikaondoa bakuli la maziwa, na la maji pia, ingawa alilifuata kwa macho.

Leo najua kwamba mfuko ule ulikuwa wa uzazi, na kwamba dawa ya usingizi huweza kuchafua tumbo, na maziwa huzidisha. Alihitaji maji, chakula laini kidogo, na daktari aitwe upesi. Mtoto hawezi kulaumiwa kwa asilolijua. Huwa najiambia hivyo, na haisaidii.

Alasiri ya siku ya tatu mama alimgusa, akakuta mwili umeshapoa.

"Kwani hukumpa hata maji?"

"Hapana, mama," nikajibu, nikingoja anisifu. "Nilimwonea huruma."