Grace Aliyemficha Toyi

Siku ile naikumbuka, Mwanangu, hata kitambaa kilichokuwa chini ya sindano yangu: cha bluu, sare ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nashona kwa Mama Zaina pale Katubuka, na hakuna aliyenijua kwa jina lingine ila Grace. Nakuona tangu asubuhi unapekua simu, unamtafutia huyo aliye tumboni jina la Kizungu. Pekua tu, sikukatazi. Ila iweke chini kidogo nikwambie Grace lilinifanya nini.

Nilizaliwa Mwamgongo, pacha wa pili. Sisi Waha pacha hatuhangaiki nao: wa kwanza Bukuru, wa pili Toyi, basi. Ukijitaja Toyi, mtu wa kwetu atakuuliza papo hapo, "Bukuru hajambo?" Nilipofika mjini nikaliona jina hilo linanuka shamba na dagaa. Mwalimu mmoja, mteja wetu, akaniambia Grace kwa Kiingereza ni neema. Nikalichukua. Kuchukua jina si dhambi. Siku hizi ukiita Grace sokoni Mwandiga watageuka watatu, tena watoto wenye adabu zao. Kosa langu nililigeuza pazia. Wenzangu niliwaambia mimi mzaliwa wa Ujiji, sina ndugu. Sina ndugu! Mdomo huu huu.

Basi asubuhi hiyo nikasikia sauti ya baba mdogo barazani.

"Hodi! Namtafuta binti yangu, Toyi."

Moyo ukanilipuka. Kati yangu na yeye palikuwa na pazia la mlango tu.

"Hapa hakuna Toyi, mzee," Mama Zaina akamjibu. "Labda nyumba za mbele."

"Anashona. Niliambiwa Katubuka, kwa mafundi."

"Mafundi tuko wengi, baba."

Wenzangu walikuwa wanabana vicheko kwa lafudhi yake. Mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu, ili kelele inifiche, mengine waliyosemezana nisiyasikie. Nilijidanganya kwamba akiondoka nitamfuata uchochoroni kimyakimya. Akaita tena, "Toyi!" Akaita na mara ya tatu. Kisha nikasikia malapa yake yakienda zake.

Mama Zaina akaingia anatikisa kichwa. "Masikini mzee wa watu. Binti yake kaletwa na boti kutoka Mwamgongo, kajifungua hospitali usiku, sasa damu haikatiki. Wanamtaka pacha wake amtolee damu. Sijui atampata wapi."

Mama wee! Sikumbuki nilivyosimama. Najua kitambaa kilichanika kwa sababu baadaye nilikilipa. Nikatoka mbio, baba mdogo simuoni. Nikashika njia ya hospitali, ndala moja ikakatika, nikaitupa. Kichwani mwangu neno moja tu: nikichelewa, nimemuua mwenyewe.

Mlangoni pa wodi nesi akanizuia. "Wewe nani?"

"Grace," nikasema. Unaona mazoea yalivyo?

"Hatumsubiri Grace hapa. Ndugu wa mgonjwa anaitwa Toyi, wamekwenda kumtafuta. Subiri nje."

Nikageuka, na nyuma yangu alikuwa Mama Zaina, anahema, amenifuata. Mwanangu, niliona aibu! Hata hapo, dada yangu anakwisha, bado niliona aibu. Nikafumba macho nikapiga ukelele, "Mimi ndiye Toyi! Toyi wa Bukuru!" Nesi hakungoja la pili, akanivuta mkono hadi ndani.

Wakanipima, wakanitoa damu. Tukakaa nje mpaka jua likageuka, hakuna aliyetuambia amepona wala amekufa. Baba mdogo aliporudi, miguu yote vumbi, nilimweleza nilikokuwa alipokuwa ananiita. Alikung'uta vumbi miguuni. Mwishowe akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Afadhali angenichapa.

Bukuru alipona. Siku ya tatu akaniuliza, "Ulichelewa wapi?" Nikamwambia yote, nikangoja matusi.

"Hilo jina maana yake nini?" akauliza.

"Neema."

"Na neema ni nini?"

"Ni kupewa usichostahili," nikajibu, na machozi yakanitoka.

Akampapasa mwanawe, akanipakatisha. "Basi huyu ni Grace. Na mimi utaniita Mama Grace kila siku, mpaka tuzeeke."

Mtoto yule ndiye mama yako. Mwalimu alinipa maana ya Grace kwa mdomo. Bukuru alinipa kwa vitendo, naye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji.

Kwa hiyo, Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Mpe mwanao jina la Kizungu ukipenda, ila uliza maana yake kwanza, kisha ulitende mbele yake. Mpe na la kwetu, umfundishe kuyasema yote mawili bila kuinamisha uso. Anayeficha jina lake anaficha na watu waliompa, na siku ya kuhitajiana hawataonana. Majuto ni mjukuu. Mimi yalikuja asubuhi ile ile.

Mungu akupe uzazi mwepesi. Na mwanao akiitwa, kwa jina lake lolote, aitike mara ya kwanza.