Farasi Jike Mwekundu

Juzi pale barabara ya Guangyuan Xilu, huku China, mchukuzi alilibwaga robota langu la nguo katikati ya njia. Laoban wake, yaani bosi, akamfokea kwamba ni mkaidi. Yule mtu akashusha kola ya shati. Mkanda wa kubebea mizigo ulikuwa umemla bega hadi nyama. Basi ndugu yangu, mimi mfanyabiashara mzima wa Guangzhou nikajikuta nimerudi utotoni, kwenye shamba la ngano chini ya Kilimanjaro, ambako baba alikuwa mtunza farasi.

Asubuhi za kule zilinukia majani mabichi na kiburu cha bibi, ndizi na maharage vikitokota. Kabla ya shule nilichota maji ya farasi. Sita walikuwa wapole. Wa saba, jike mwekundu, hakuna aliyempanda akakaa. Alikuwa anainamisha kichwa, anapinda mgongo, anaruka, nawe uko chini. Mwenye shamba alipoangushwa mara ya tatu alimwambia baba, "Jumamosi nampiga risasi."

Jioni ile baba hakugusa chakula. Nami, msichana wa miaka kumi, nikajitia ushujaa. Kesho yake nikamfunga tandiko yule jike kwa siri, nikapanda. Nakumbuka ladha ya udongo tu, na mkono ukining'inia kama si wangu.

Bibi ndiye aliyefika kwanza. Aliufunga mkono kwa kanga, halafu, badala ya kunigombeza, akamwendea farasi. Maisha yake yote bibi alikuwa amebeba kuni kwa mgongo. Akamvua tandiko, akampapasa taratibu. Farasi akatetemeka.

"Mwanangu, njoo uone," akamwita baba. "Huyu si mkaidi. Anaumwa."

Chini ya manyoya palikuwa na kidonda kibichi. Mbao ya tandiko ilikuwa imepasuka kwa ndani, ikimchoma kila mara mtu alipokaa.

"Nami najiita mjuzi," baba alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwenye shamba alitazama kidonda, akaondoka. Jumamosi ikapita bila risasi. Bibi alimwosha farasi kidonda kwa maji ya chumvi, na baada ya miezi kadhaa nilimpanda bila tandiko, akatembea polepole kama amebeba mayai. Yule jike alikufa kwa uzee.

Sasa bibi hayupo, shamba limeuzwa, banda la farasi limekuwa ghala. Mwaka jana nilimpeleka baba kule. Macho yake hayaoni tena. Akasimama mlangoni, akatega sikio.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, baba."

Akashika ukuta kidogo. "Basi turudi."