Kilo za Mzee Brashi

Ukitaka kumjua Mzee Brashi, anza na upara wake. Maisha yake yote alipaka rangi nyumba za watu, yuko juu ya ngazi, jua linampiga utosini, na kofia aliiona ni pambo la wasio na kazi. Kidonda kilipochomoza hapo utosini kikagoma kupona, alikipaka mafuta ya mgando akaendelea na shughuli zake, mpaka mkewe alipomburuta hospitali. Majibu yakatoka: saratani ya ngozi. Inaondoka kwa upasuaji, daktari alisema, ila kwa kuwa mzee amekula chumvi nyingi, kwanza amwone muuguzi anayepima nguvu za wazee kabla ya kisu.

Hofu yake ilikuwa kwenye hicho kipimo. Kisu hakikumtisha. Ila macho ya mkewe yalikuwa yamefifia, anaona vivuli tu, na ni Mzee Brashi aliyemsomea ujumbe wa watoto kwenye simu, aliyemtungia uzi kwenye sindano, aliyemchagulia mawe kwenye mchele. Akikataliwa upasuaji, kidonda kitamla polepole, na huyu mama ataachiwa nani?

Kwenye benchi la kusubiri, mgonjwa mmoja mjuaji alimmaliza kabisa.

"Wakikuona umekonda, wanakurudisha nyumbani," alimnong'oneza, utadhani anagawa siri za serikali.

Basi siku ya kupimwa mzee alivaa koti lake zito, na mifukoni akatia kufuli la geti, nyundo ndogo na kopo la misumari.

Muuguzi alikuwa dada mcheshi. Alimwambia ainuke kitini bila kushika popote. Mzee akajikaza akainuka. Alimwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Akaenda kifua mbele, mabega yakivutwa na chuma. Alimpa mkono aubane.

"Basi, babu! Huo mkono nauhitaji kazini."

Kwenye mizani aliombwa avue koti, akadai anasikia baridi. Muuguzi alimwachia, akasoma, akainua nyusi.

"Vizuri sana. Maana dawa ya usingizi tunaipima kwa hizi kilo. Tukizidisha kwa mtu wa umri wako, anaweza asiamke."

Mzee alimtazama mkewe aliyekaa pembeni na mkoba wake magotini. Kisha akatoa kufuli, nyundo na misumari, akaviweka mezani kimoja kimoja.

"Ni nini hicho kinachogonga?" mkewe aliuliza.

"Ni mumeo, mama. Anapungua," alisema muuguzi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akavuta kiti karibu. "Babu, nani kakudanganya? Sipimi nipate wa kumfukuza. Napima nijue tukutibu vipi usiumie. Haya, niambie kweli. Umeanguka siku hizi?"

"Hata siku moja."

"Ameanguka," mkewe alisema taratibu. "Bafuni, na pale mlangoni. Macho ndiyo yamenigomea, mzee wangu, masikio ni mazima. Wewe ulinyamaza, na mimi nikanyamaza."

Aibu ilimjaa mzee, na ndani ya aibu hiyo akajisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akayamwaga yote: kizunguzungu akiamka, chakula kisichopita, suruali anayoifunga kwa kamba.

Kumbe dawa zake za presha ndizo zilizokuwa zikimtia kizunguzungu, daktari akazipunguza. Kidonda kingeweza kusubiri kidogo bila hatari, kwa hiyo alipewa wiki chache za mayai, maharage na maziwa, na mazoezi ya kuinuka kitini, mkewe akimhesabia kwa ukali wa sajini. Dawa ya usingizi waliachana nayo. Walimchoma ganzi tu, wakamfanyia upasuaji akiwa macho, muuguzi akimuuliza rangi ipi itafaa jiko lake. Siku ileile alilala kitandani kwake. Baadaye wakamwambia saratani yote imetoka.

Alirudi hospitali na hotuba nzima ya kumshukuru muuguzi. Ilimpotea yote.

"Mwanangu," alisema, "umeniuliza ambayo watoto wangu wanaogopa kuniuliza. Asante. Mungu akuzidishie."

Nyumbani mkewe alimwita. "Njoo nikuone."

Akamwona kwa mikono, kama alivyozoea: mashavu, kovu akilizunguka kwa uangalifu, shingo, mabega, mbavu.

"Mwili umerudi," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshaanza kujifunza kutembea humu ndani peke yangu."

Mzee aliushika ule mkono, akaubakiza hapohapo kifuani.