Binti Aliyetusomea Karatasi ya Ukutani

Habari ilinikuta Omurushaka, Jumanne, ndizi zangu zikipakiwa. Dereva wangu mmoja aliteremka kwenye lori, akavua kofia, akaniambia yule binti wa sheria amefariki. Hakuhitaji kutaja jina. Huku Karagwe na Kyerwa vijana wanaosomea sheria siku hizi wapo, lakini aliyeitwa binti wa sheria alikuwa mmoja tu. Aliugua wiki mbili, amebakiza mtihani wa mwisho, na Alhamisi tukamzika nyumbani kwa baba yake. Wasomaji wangu wa safu hii, ninayosimulia mwingine akaandika, mnanijua, mimi ni mtu wa kusema. Siku hiyo niliombwa nitoe neno kwa niaba ya wafanyabiashara, nikajibu kwamba koo linaniuma. Halikuwa linauma.

Alikuja mwaka juzi, likizo ndefu. Chuoni kwao kuna mpango: wanafunzi wa sheria wanaotaka kuutumikia umma wanapelekwa likizoni kwa watunga sheria, wakaone kazi inavyofanyika. Wenzake walichagua Dodoma, bungeni. Yeye akaomba Rubwera, kwenye halmashauri yetu, kwa madiwani wa kwao. Nilimcheka. Nilimwambia mimi kama ningepata nafasi ya kuingia bungeni, hata kufagia tu, nisingerudi huku kwenye tope. Akanijibu kwamba faini anayoweza kutozwa baba yake haitungwi bungeni, inatungwa na madiwani, na madiwani hao hupitisha kile walichokiona mezani. Baba yake ni mfugaji. Ng'ombe wake walikuwa wakinywa maji kwenye kijito kilichoko bondeni, chini ya kijiji chetu, tangu babu yake.

Sasa, ukutani kwenye ofisi ya kata yetu palikuwa pamebandikwa karatasi. Ilihusu bonde hilo: mifugo isiingie tena kwenye kijito, atakayeingiza atozwe faini. Halikuwa wazo baya, maana maji yale tunakunywa hata sisi. Na mimi nina shamba la kabichi pembeni ya kijito, nina pampu, ndiyo pampu ya kwanza kufungwa katika kata nzima. Watu walikuwa wamejazana mbele ya ile karatasi. Waliponiona wakanipisha, kama kawaida. Nikavaa miwani. Mimi niliishia darasa la nne, nilianza kwa kusukuma baiskeli ya ndizi kutoka Kihanga, leo nina malori matatu, na mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele za watu akiunganisha herufi. Nikatazama mstari wa juu, nikatazama chini nikaona muhuri. Kwetu karatasi ikiwa na muhuri, mambo yamekwisha. Nikageuka, nikatangaza: imekwisha hiyo, ina muhuri. Watu wakatawanyika.

Siku tatu baadaye binti akaja stoo kwangu. Akaniamkia vizuri, shikamoo baba, akauliza hali ya mama, akauliza hali ya malori. Kisha akaniambia ile karatasi ilikuwa rasimu. Muhuri ulionyesha tu kwamba imebandikwa na ofisi, na chini yake kulikuwa kumeandikwa watu walete maoni, siku bado zipo. Hakuna hata mmoja aliyeleta, na kila aliyeulizwa alisema tajiri ametuambia imekwisha. Alichotaka kilikuwa kidogo: Jumapili, wakati wa matangazo baada ya ibada, nisimame niseme nilikosea.

Nikamwambia, "Wewe unatetea ng'ombe wa baba yako."

"Ndiyo, baba. Na wewe unatetea pampu yako," akasema, bila kupandisha sauti. "Ila mimi nataka watu wote waje waseme, hata wale watakaompinga baba."

Nikamwambia tutaona. Jumapili ikafika, mchungaji akauliza kama kuna mwenye tangazo, na kweli nilisimama. Nikatangaza kwamba natoa mabati ya jengo la watoto. Kanisa zima likapiga makofi. Yeye alikuwa amekaa benchi za nyuma, mikono mapajani, ananitazama tu.

Kuanzia kesho yake akapanda bodaboda na nakala ya ile karatasi, akapita mji kwa mji, kila nyumba, akiisoma kwa Kinyambo, lugha yetu, mstari kwa mstari. Akina mama wazee walimrudisha nyuma, soma tena hapo, na akasoma tena. Wasiojua kuandika aliwaandikia maoni, wakaweka dole gumba. Lakini wengi walimwambia asijisumbue, tajiri ameshasema. Maoni aliyoyafikisha hayakujaza hata bahasha moja. Madiwani walikaa, wakapitisha walichokuwa nacho. Tangu hapo ng'ombe wa baba yake wanazunguka kilima kufuata maji upande wa pili, wanatoka alfajiri, wanarudi jua likizama, na ndama wachanga hawaimudu safari ile. Kabichi zangu zimestawi.

Pale msibani mzee, baba yake, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Waitu, ndugu yetu, mwanangu alikuwa akisema hapa kwetu wewe ndiye unasikilizwa na wote," akaniambia. "Alikutegemea sana." Sikujua kama anajua jinsi nilivyomjibu binti yake. Tangu Alhamisi naiona ile mikono.

Katika safu hii nimejisifu mara nyingi kwamba sikuhitaji shule. Malori ni yangu kweli, na hakuna aliyenipa. Lakini kuna watoto wanaoacha likizo yao ili mtu wa darasa la nne aelewe kilichobandikwa ukutani kabla hakijamfunga, na mmoja alinijia mlangoni, nikamjibu kwa mabati.

Jumapili iliyopita nilisimama tena wakati wa matangazo. Nikasema yote, ya muhuri na ya pampu. Hakuna aliyepiga makofi. Halafu nikatoa nakala ya karatasi mpya iliyobandikwa wiki hiyo, inahusu mahali malori ya ndizi yataruhusiwa kupakia, yaani inanigusa mimi, nikamwomba dereva wangu aisome kwa sauti. Alipomaliza, mzee, baba wa binti, akasimama huko nyuma.

"Tajiri, ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Na bado tunaweza kusema?"

"Bado, mzee."

Akabaki amesimama. Akauliza kama na ile ya bondeni bado. Nikamwambia sijui. Jumatatu nikaenda Rubwera kuuliza, nikaambiwa sheria iliyokwisha kupitishwa inaweza kuombewa marekebisho, ila ni kuanza upya, na inachukua muda. Barua ya kwanza ya maombi ni yangu. Dereva ameandika, mimi nimeweka sahihi, baada ya kusomewa yote mara mbili. Ng'ombe bado wanazunguka kilima. Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba mtu anayesikilizwa akikosea mbele za watu, anapaswa kujisahihisha mbele ya watu hao hao, siku zikiwa bado zipo.