Sakafu ya Madhabahuni

Sanga wa Tezo alikuwa akijitangaza mwenyewe kwamba kama hujakanyaga sakafu yake, basi wewe bado unakanyaga vumbi. Watu walimwacha aseme, kwa kuwa ilikuwa karibu na kweli. Shule aliiachia darasa la tano akashika mwiko wa saruji, na tangu hapo hajawahi kukosa kazi, kutoka Tezo mpaka Dabaso. Mzaha wa mtaani ulikuwa kwamba Sanga anaisoma pimamaji vizuri kuliko Biblia. Yeye mwenyewe aliucheka mzaha huo kwa sauti kubwa, ili asionekane umemchoma.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Uzee huo aliupata kwa kujenga kuta, si kwa kujua Maandiko. Shida yake ilikuwa Jumatano, zamu yake ya kufundisha darasa la Biblia. Anafuata mstari kwa kidole, jasho linamtoka, na wasichana wa sekondari wanammalizia neno kabla hajalifikia. Basi alipotokea Randu, aliyekuwa utingo wa malori huko Mariakani akarudi nyumbani na mistari kichwani kama redio, Sanga hakuuliza maswali. Alimpa ufunguo wa kanisa na Jumatano zote, akaenda zake kwa Njoroge kutazama mpira.

Njoroge naye alikuwa mzee wa kanisa, mwenye duka na televisheni. Mchungaji wao, Mama Jedida, akiuliza darasa linaendeleaje, Sanga alijibu kuwa limejaa. Na lilijaa kweli. Binti yake Purity hakukosa hata mara moja. Jumapili watu wa darasa walisimama kushuhudia hiki na kile, kanisa zima likaitika Amina, watu wakaenda kula wali.

Sasa askofu alikuwa aje Jumapili kuibariki sakafu mpya. Ijumaa Sanga alimwaga zege sehemu kubwa ya sakafu ya madhabahu. Jumamosi asubuhi akarudi kumaliza kona iliyobaki. Alikuwa anasawazisha kifusi, huku akiimba, jembe likagonga bati.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na bahasha za hospitali, zile za khaki, zimejaa vidonge. Akaanza kusoma majina kwa kidole. Kalume, sukari. Mama Whitney, presha. Bahasha ya tatu aliisoma mara mbili. Purity Sanga, asubuhi kimoja, jioni kimoja.

Purity alikuwa na miaka kumi na mitano, na kifafa alikuwa nacho tangu sita. Alama ya jiko aliloangukia ingali mkononi. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomrudisha shule. Miaka miwili sasa hakuwa ameanguka. Na bahasha hii ilikuwa ya kliniki ya juzi juzi. Haikuwa imeguswa.

Sanga alimpigia mkewe simu. Kanze akamwambia aache maneno, mtoto anameza, kila asubuhi anamwona na kikombe cha maji. Sanga akauliza yuko wapi sasa. Kanze akasema ameenda kisimani kuteka.

Kile kisima hakikuwa na ukingo. Yeye Sanga, fundi wa kujitangaza, ndiye aliyewaahidi majirani kuwajengea, mwaka wa tatu huu. Alikimbia na mabuti yenye saruji, watu wakamtania njiani kwamba leo mzee anakimbiza deni, hakuwasikia. Kichwani mlikuwa na picha moja tu, ndoo imeelea peke yake.

Alimkuta amesimama kwenye mdomo wa kisima, kamba mkononi, ametulia tuli, macho hayaangalii popote. Sanga hakujua kama anawaza tu au kifafa ndicho kinamwanza. Akaogopa kumwita, asishtuke. Akanyata hatua kwa hatua kama mwizi wa kuku, mpaka akamshika gauni kwa nyuma akamvuta, wote wawili wakaanguka mchangani.

"Baba, unanivuta nini?" Purity akauliza, na akaona bahasha mkononi mwa babake.

Yote yakatoka. Siku kumi na mbili hajameza. Mwalimu Randu aliwafundisha kwamba kidonge ni kumwambia Mungu hutoshi. Akawaapisha, kila mmoja akafukia dawa zake chini ya madhabahu ili zisitoke tena. Jumanne Purity alianguka nyuma ya nyumba, akajiuma ulimi, akajifuta, hakumwambia mtu. Hakuona ni vibaya. Mwalimu alishawaambia kwamba ukianguka ndivyo pepo la ugonjwa linavyotoka, na ukizidi kuanguka ndivyo unavyozidi kupona.

Hilo ndilo lililomtisha Sanga kuliko kisima. Mtoto alikuwa anaisubiri ile hatari kwa furaha.

Akamwambia ameze sasa hivi, pale pale, maji si hayo. Purity akatingisha kichwa. "Tumeapa pamoja, baba. Mmoja akimeza, wenzake ndio wanakufa. Siwezi kumuua Mama Whitney."

Sanga alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Meno yalifungwa. Akamrudisha nyumbani, akamkabidhi kwa Kanze, akimwambia asimwache hata akienda msalani, akarudi kanisani kwa kuwa nyoka alikuwa ametokea kule, na kule ndiko angeuawa.

Mama Jedida na Njoroge walikuwa wamefika kukagua kazi. Aliwaonyesha kopo, akaonyesha na lile zege la Ijumaa. Kama kona imetoa kopo moja, huko chini yapo mangapi, naye ndiye aliyeyafunika kwa mkono wake.

Njoroge alitazama mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Funika, mzee. Askofu akishaondoka tutakaa na Randu kwa upole. Tukivunja leo, tutaulizwa nani alimpa ufunguo."

Aibu yenyewe ni kwamba Sanga alikuwa ameshawaza hivyo hivyo njiani. Alisimama na nyundo, akasubiri mchungaji amwambie funika.

Mama Jedida alikaa juu ya mfuko wa saruji, na nguo zake nzuri. "Mama Whitney alisimama hapa akashuhudia ameacha vidonge," akasema. "Nikaitika Amina. Kwa nguvu. Sikumuuliza vidonge gani." Akaligeukia zege. "Vunja, Sanga."

Akavunja. Zege la siku moja halijakomaa, lakini kila pigo lilimuuma kama kung'oa jino lake mwenyewe. Makopo yakatoka manne. Mama Jedida akampigia askofu kumwambia sakafu haipo na sababu yake, kisha akatuma watu wakawaite wote wa darasa la Jumatano, na Randu wao, waje adhuhuri ile ile.

Walikuja kumi na mmoja. Randu aliingia na shati jeupe, mtulivu kama bwana harusi. Alipoona kifusi hakushtuka. Akamgeukia Sanga akitabasamu.

"Mzee, si wewe uliyesema Biblia inakuumiza kichwa? Leo umekuwa mwalimu?"

Watu wakacheka. Hata Purity, aliyeshikwa mkono na mamake, alitabasamu. Sanga alihisi masikio yamepata moto. Majibu ya kejeli alikuwa nayo tele, ya kumwangusha mtu chali. Safari hii hayakuja.

"Ni kweli," akasema. "Niliona uvivu na aibu. Nikakupa ufunguo nikatazame mpira. Sasa mwanangu anakufa, na aliyemweka mikononi mwako ni mimi."

Kicheko kikakatika. Mama Jedida akasimama juu ya zege lililovunjika, akawaambia kwamba fundisho lile lilikuwa la uongo, na kiapo kile kilifanywa katika nyumba hii, basi nyumba hii inakivunja. Ile Amina yake pia anaiondoa. Akanyoosha mkono mbele ya Randu mpaka ufunguo ukatoka mfukoni. Kisha akazipanga bahasha juu ya benchi, majina yameangalia chini ili asiaibike mtu.

Hakuna aliyesogea. Kusogea ni kuwatangazia majirani ugonjwa wako. Nje kuku alikuwa analia, na Sanga alimtazama Purity, na Purity alimtazama Mama Whitney.

Mama Whitney, mwanamke mzito, mwenye maneno, aliinuka kwa shida. Akapekua bahasha mpaka akaipata yake, akatia kidonge mdomoni, akakimeza bila maji. Akabaki amesimama. Watu walimkodolea macho kama wanaosubiri nazi ianguke.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Leteni maji, kimenikwama."

Wengine wakaanza kuja, mmoja mmoja. Lakini watatu walitoka na Randu, mmoja wao na mtoto mgongoni. Purity aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea nyuma ya mikorosho, akauliza hao je. Mama Jedida alisema wanafuatwa majumbani kuanzia jioni hiyo, akamtazama Njoroge, na Njoroge akaitika kwa kichwa.

Purity akachukua kidonge chake, akanywa maji. Sanga akamwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Kidonge hakikuwepo. Palikuwa na kidonda cha Jumanne, chekundu, upana wa ukucha.

Jioni ile wakampeleka hospitali. Daktari alisema dawa itachukua siku kadhaa kurudi mwilini, na katika siku hizo asiachwe peke yake. Sanga akaweka mwiko chini. Alimfuata Purity kisimani, shambani, mpaka mlango wa msala alisimama akikohoa ajulikane yupo. Purity akamlalamikia kwamba watu wanawaona. Akamjibu waone.

Jumatano Purity alianguka. Sanga alikuwa hatua mbili tu nyuma yake, akamdaka kabla hajafika chini, akamlaza ubavu. Mkono mmoja aliuweka chini ya kichwa chake, na hakuuondoa hadi macho ya mtoto yalipomjua.