Jeep yangu ya leo inamujua baba mukwe

Bandugu, semeni kama niko na roho mubaya, lakini hii jeep ya location, ya kukodi, nimeishuku tangu asubuhi.

Iko muzuri, sibishi. Klima inapiga baridi, kamera ya nyuma iko, mashimo ya barabara huyasikii. Lakini ndani inanuka makayabu, ile samaki ya chumvi. Na mwenye location anaapa mimi ni mutu wa kwanza kuikodi.

Niliichukua niende kwa baba ya Mado, muchumba wangu. Sikumuambia ni yangu. Sikumuambia pia ni ya kukodi.

Huyo baba mukwe, Jumapili iliyopita alikuja kwetu na jeep nyeupe kama hii hii, na zawadi ya makayabu nyuma. "Jeep ni ya kwangu," alisema.

Bon. Nikamuambia: "Papa, panda, twende mupaka maporomoko ya Wagenia."

Akapanda, akasogeza kiti. Ile bouton ya kukisogeza imejificha chini, mimi niliitafuta asubuhi yote. Mukono yake ilienda moja kwa moja.

Nikamuangalia. Akaangalia inje.

Nikawasha moteur. Écran ikaandika: "Téléphone Papa Mado, connecté." Mimi sikugusa kitu, jeep yenyewe ilishika simu yake.

Hapo hapo mama mukwe akapiga simu. Sauti yake ikajaa jeep yote: "Papa Mado, uchunguze vizuri kama hiyo jeep ni ya huyo kijana kweli."

Papa akakata. Tukazunguka rond-point.

Kisha akasema polepole: "Mwanangu, uirudishe mapema. Yule mutu wa location, ukichelewa, iko mukali sana."