Upande wa Pili wa Pazia

Kazini cheo chake ni mshauri wa wanafunzi, lakini shule nzima inamwita Mama Pazia, na mwenyewe akiitwa hivyo huitika bila kinyongo. Pazia lenyewe alilishona kwa mikono yake, mashuka mawili ya bluu yaliyounganishwa, akalitundika katikati ya kijichumba alichopewa nyuma ya stoo ya madawati. Upande mmoja anakaa yeye. Upande wa pili una mlango wake wa nyuma, anaingia kijana yeyote mwenye dukuduku, anakaa, anasema. Jina haliulizwi. Ukiogopa sauti yako itatambulika, nong'ona. Mwanzoni pazia liliishia magotini, naye akawa anawatambua watoto kwa viatu. Akaliongeza kitambaa mpaka likagusa sakafu. Ndivyo alivyo, akishika jambo amelishika.

Na watoto walikuja, jamani! Walikuja walioachwa na wapenzi, walioota chunusi wakaona dunia imekwisha, na mvulana mmoja aliyelia kwa kuwa kila akijibu swali darasani sauti inamkwaruza na wenzake wanacheka. Mama Pazia hakumkatiza mtu. Aliitikia tu, "Ehe, nakusikia," na wakitoka hapo walitoka wepesi.

Nyumbani sasa, hapo ndipo penye kasoro. Baada ya kusikiliza watu kutwa nzima, akifika kwake masikio yamefunga duka. Alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa. Mumewe akilalamikia mgongo, jirani akija na kero zake, binti yake wa pekee, anayesoma shule hiyohiyo, akianza "Mama, mimi sijisikii vizuri," jibu ni lile lile: "Kunywa maji, lala, kesho utakuwa mtu." Mumewe aliligeuza utani, akawa anamwambia hata paka. Walicheka wote. Binti naye alicheka, au walidhani anacheka.

Basi siku moja, vipindi vimekwisha, mlango wa nyuma ukafunguka na kiti cha upande wa pili kikalia.

"Mwalimu," msichana akanong'ona, "nadhani nakufa. Au naingiwa na wazimu."

"Nakusikia, mwanangu. Sema taratibu."

Akasema. Anakaa darasani salama, mara moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, pumzi inakata. Hukimbilia chooni akajifungia mpaka ipite. Sasa hata asubuhi kuamka anaogopa.

Mama Pazia akamweleza kwamba hiyo ni hofu, inawapata vijana wengi, si wazimu na wala haiui, na wapo wataalamu wa kumsaidia. Akamfundisha kuvuta pumzi polepole. Wakavuta pamoja, huyu huku na huyu kule.

"Nyumbani umemwambia nani?"

"Mama. Mara nyingi tu. Anaendelea kumenya viazi."

Hapo hasira zikampanda, akasahau kazi yake. "Mama gani huyo! Mtoto anamwambia anakufa, yeye anamenya viazi? Hayo masikio kayaweka ya kuvalia hereni tu?"

Upande wa pili kiti kikalia tena. Kisha ule mnong'ono ukarudi.

"Begi langu nimeshalifungasha, liko chini ya kitanda. Kesho nikitoka kama naenda shule, sirudi tena. Nimechoka, mwalimu. Kila nikimwambia nakufa, ananiambia ninywe maji, nilale, kesho nitakuwa mtu."

Loo! Mama Pazia aliganda pale pale. Hakuamini masikio yake, hayo hayo aliyotoka kuyatukana. Moyo ukaanza kumwenda mbio, mikono ikamtetemeka, pumzi ikakata, na yale aliyotoka kumfundisha mtoto hakukumbuka hata moja. Akainuka, akalikamata pazia alivute. Lakini akilivuta hilo, nani atakuja kukaa tena pale? Na kabla hajapata jibu likamjia jambo jingine zito zaidi: huyu mtoto anajua. Alijua tangu anafungua mlango ni nani amekaa huku. Yule mama wa kule nyumbani alimshinda, akaja kumtafuta huku anakosikiliza watoto wa wenzake. Akaliachia pazia.

"Mwalimu, bado upo?"

"Nipo."

"Nikimwambia leo, mara ya mwisho, atanisikiliza?"

"Atakusikiliza." Sauti ilitoka kama si yake. "Haki ya Mungu, atakusikiliza."

Mlango ukafungwa.

Mama Pazia alifika nyumbani mbio, kiatu kimoja nusura kimtoke njiani. Hakugusa sufuria. Akakaa kwenye kigoda jikoni, mgongo ameupa mlango, mikono hajui aiweke wapi. Binti akaingia, akasimama.

"Mama, mbona umekaa hivyo?"

"Sema, mwanangu. Sigeuki. Sitakuuliza jina."

Akasikia hatua zikienda chumbani, kisha begi likiburutwa sakafuni. Anaondoka! Anaondoka kweli, leo hii, hata kesho hangoji! Alitaka kuruka amshike, amfungie mlango, apige kelele majirani waje. Akang'ang'ania kigoda, kwa kuwa ameshasema hageuki.

Begi likaburutwa mpaka jikoni, likatuliwa kando yake.

"Geuka, mama," binti akasema, na safari hii hakunong'ona. "Nataka ujue ni nani."